Beji ya Mrukaji Nambari 2117

Kiharusi kilimkuta Kazimir Shpakovich jikoni kwake, mwezi wa Novemba, kisu mkono mmoja na kiazi mkono wa pili. Alipozinduka hospitalini, upande wa kulia ulikuwa umepooza kuanzia bega hadi kidole gumba cha mguu, na maneno yote aliyoishi nayo miaka sabini na moja yalikuwa yamemkimbia, likabaki moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "bado".

Hakulichagua. Akitaka maji, ulimi ulisema bado. Akitaka kuuliza leo ni siku gani, bado. Daktari alimweleza Taisia, binti yake, kwamba mambo hayo hutokea. Wapo wanaobakiwa na jina la mke, wapo wanaobakiwa na tusi, kwa hiyo mzee huyu ana bahati. Wiki ya kwanza nyumbani, Taisia alimuuliza kama ameshiba, akajibu bado, akaongezewa sahani ya viazi vya kuponda. Akaulizwa tena, akajibu vilevile, akaongezewa tena, mpaka akatapika. Tangu siku hiyo Taisia aliacha kulisikiliza lile neno, akawa anasoma macho. Lakini macho nayo si gazeti. Machache aliyapata, mengi yalimpita.

Walikaa ghorofa ya nne, mjini Mogilyov, katika jengo la zamani lisilo na lifti. Mama yake Taisia alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Taisia mwenyewe alirudi kwa baba yake siku chache baada ya kiharusi, na masanduku mawili na paka, akaacha chumba alichokuwa amepanga karibu na kiwanda cha mikate alikofanya kazi. Alimbadilisha baba yake nguo, alimgeuza kitandani, alimkalisha dirishani kwenye kiti cha magurudumu. Hakulalamika. Kazimir angetamani alalamike, angalau mara moja, ili naye apate sababu ya kumfariji, japo kwa kumshika mkono.

Kwa maana akili yake ilikuwa nzima. Hilo ndilo watu hawakulielewa. Ndani ya kile kichwa alikuwemo Kazimir yuleyule, fundi kereza mstaafu, aliyekusanya beji za jeshi la Kisovieti kwa miaka arobaini. Wakusanyaji wa mji, waliokutana kila Jumapili kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli, walikuwa wamemfanya hakimu wao wa mwisho. Mtu akileta beji ya Walinzi, vile vikosi teule vya vitani, aliyoikuta kwenye sanduku la babu yake, Kazimir hakuwa na haraka ya kuutazama uso wake. Aliigeuza kwanza. Aliipima uzito kiganjani, akaigusa skrubu ya nyuma, akaizungusha nati yake, ndipo akaweka lenzi jichoni na kuichungulia enameli, ule mpako wake wa kioo, aone kama ilichomwa tanuruni au ni rangi tu iliyomwagwa. "Hii imekwenda vitani," angesema. Au: "Hii ni ya baada ya vita, lakini ni halali." Au: "Hii imezaliwa mwaka juzi, mzee wangu. Mpe mjukuu achezee." Hakuna aliyebisha. Wengine waliondoka wamenuna, lakini hawakubisha.

Sasa hata herufi zilikuwa zimemkimbia. Muuguzi wa kufundisha usemi alikuja mara mbili na ubao wa alfabeti, akamwomba aguse kwa mkono wa kushoto herufi ya kwanza ya jina lake. Kazimir aliutazama ule ubao kama mtu anayetazama nyayo za ndege kwenye theluji. Alijua kuwa zile ni herufi. Hakujua ni zipi. Muuguzi alimpigapiga begani na kusema tutajaribu tena, na hakurudi tena.

Wanachama wa kile chama cha wakusanyaji walikuja mara moja tu, watano kwa pamoja, na machungwa. Walikaa dakika ishirini wakizungumza kwa sauti kubwa kana kwamba mgonjwa ni kiziwi, wakaondoka. Aliyeendelea kuja ni Rodion peke yake.

Rodion Yarmosh alikuwa fundi wa mabasi, naye mstaafu, mdogo kwa Kazimir kwa miaka mitatu. Walijuana kabla Taisia hajaanza shule, na mpaka leo Taisia alimwita mjomba. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alipanda ngazi za ghorofa zote nne akihema, akavua viatu mlangoni, akamwambia Taisia aende sokoni, asiwe na wasiwasi, wazee watajitunza. Kisha alichemsha maji, akamfunga Kazimir taulo shingoni na kumnyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, taratibu, akilivuta shavu lililopooza kwa kidole ili wembe usikwame. Baada ya hapo alitoa trei za beji kabatini, zile zilizotandikwa mahameli, akaziweka moja moja kwenye mapaja ya rafiki yake. Alizungumza naye kama zamani. Hakupaza sauti. Alimsimulia nani kaleta nini Jumapili iliyopita, nani kadanganywa, nani kajidanganya mwenyewe. Akitaja beji, alingoja kidogo, kana kwamba Kazimir angetoa hukumu. Halafu aliitoa mwenyewe, na mara nyingi ilikuwa hukumu ileile ambayo Kazimir angeitoa. Kwa saa mbili za Jumamosi Kazimir alikuwa mtu tena.

Katika trei ya tatu, katikati, ilikaa beji ambayo mji mzima wa wakusanyaji uliijua: beji ya mrukaji wa miavuli ya miaka ya thelathini, mwavuli mweupe juu ya buluu, nyota nyekundu kichwani, na nyuma yake nambari iliyochongwa kwa mkono, 2117. Buluu ile haikuwa na jina. Ilikuwa kama anga ya Septemba, na pembeni kulikuwa na kiputo kidogo sana cha hewa kilichobaki ndani ya enameli tangu siku ilipochomwa. Bila lenzi hukioni. Kazimir alikijua kama unavyojua kovu la mtoto wako.

Jumamosi moja ya Februari, Rodion alimaliza kunyoa, akaleta trei ya tatu. Aliichukua ile beji ya mrukaji, akasema imeingia vumbi, akasogea nayo dirishani, akampa Kazimir mgongo. Aliifuta kwa kitambaa. Ilichukua muda kama wa kunywa mafunda mawili ya chai. Kisha akairudisha kwenye mahameli na kuanza kusimulia habari za mtu mmoja wa Orsha.

Kazimir aliitazama. Buluu ilikuwa buluu nyingine.

Alisogeza mkono wa kushoto, akaigusa kwa kidole, akaipindua. Nambari ilikuwa 2117. Lakini mguu wa ile saba ulikuwa umenyooka, na fundi wa miaka ile aliukata kwa mshazari. Uzito nao ulikuwa wa bati. Akainua macho. Rodion alikuwa anamtazama, na hakuacha kuzungumza habari za mtu wa Orsha.

"Bado," alisema Kazimir. Akalisema tena, kwa nguvu, mate yakimtoka. Akaipiga trei kwa mkono, beji zikamwagika sakafuni, zikaviringika hadi chini ya kabati. Rodion alipiga magoti akaziokota moja moja, akazipanga kila moja mahali pake bila kukosea hata moja. Taisia aliporudi na kabichi na samaki, alimkuta baba yake mwekundu usoni, anatetemeka, na Rodion amemshika bega. Rodion alisema amepandwa na presha, labda amechoka. Taisia akaleta kipimo, akapima, kweli ilikuwa juu. Akampa kidonge. Kazimir alimkamata binti yake mkono akaung'ang'ania, na Taisia akambusu kipaji cha uso akamwambia apumzike, kila kitu kiko sawa.

Majuma yaliyofuata Kazimir hakuwa na kazi nyingine ila kumwambia Taisia. Alinyoosha kidole kabatini mpaka akaletewa trei. Akaitoa ile beji, akaitupa chini. Taisia akaiokota. Akaitupa tena. Taisia akakaa kitandani, beji mkononi, akafikiri sana, uso umekunjamana kama alipokuwa mtoto na hesabu za kugawanya. Halafu uso ukamfunguka. Alifungua nati, akatoboa sweta ya baba yake upande wa kushoto, akamvisha ile beji kifuani.

"Hivyo ndivyo ulivyotaka, eti?" alisema. "Umependeza, baba. Kama kijana."

Kazimir alikaa nayo kifuani mpaka jioni. Paka aliichezea.

Siku nyingine alifanikiwa kumwonyesha daftari. Lilikuwa daftari nene la jalada la kahawia ambamo kila beji iliandikwa: ilipatikana wapi, lini, kwa nani, nambari gani. Taisia alilifungua, akatafuta beji ya mrukaji, akasoma nambari, akageuza beji, akalinganisha. Alifanya hivyo kwa uangalifu, mara mbili, akipitisha ukucha kwenye kila tarakimu. Kazimir alishusha pumzi na kungoja.

"Ni ileile, baba," alisema Taisia. "Mbili, moja, moja, saba. Hakuna kilichopotea. Nilidhani labda unaogopa kitu kimepotea."

Mwandiko wa daftari ulikuwa wa Rodion. Mwandiko wa Kazimir ulikuwa mbovu tangu shule, kwa hiyo miaka yote yeye alitamka na Rodion akaandika. Nambari ziliingia daftarini. Habari za buluu na kiputo na mguu wa saba hazikuandikwa, kwa sababu nani angeuliza? Zilikaa kichwani mwa mwenyewe, na humo ndimo zilimokuwa sasa, salama kabisa, hazina pa kutokea.

Rodion hakukosa Jumamosi hata moja. Alipanda ngazi, akavua viatu, akachemsha maji. Kazimir alikaza shingo wembe ulipomgusa, lakini hakuwa na la kufanya, na mkono wa Rodion ulikuwa mwepesi kama siku zote. Jumamosi ya pili ya Machi, povu likiwa usoni na Taisia yuko sokoni, Rodion alisimamisha wembe hewani.

"Najua kwamba unajua, Kazik," alisema. "Nilijua utaijua palepale. Ningekudharau kama usingeijua."

Akanyoa shavu moja, akasuuza wembe.

"Yule mjane wa Osipovka, nani alikuambia habari zake? Mimi. Nilikuambia Ijumaa, tukakubaliana tutakwenda wote Jumapili. Wewe ukapanda basi la Jumamosi alfajiri. Ukarudi na beji, ukanionyesha ukicheka, ukasema, 'Aliyewahi kawahi, Rodik.' Nami nikacheka. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikicheka, na daftari nikakuandikia."

Ilikuwa kweli. Kazimir alikumbuka lile basi, matope ya Osipovka, mama mzee aliyetoa beji kwenye kopo la vifungo na kusema mume wake aliruka mara hamsini na hakuwahi kuteguka hata kidole, mpaka alipouawa mwaka wa arobaini na mbili. Alikumbuka pia uso wa Rodion siku ile kwenye ukumbi wa reli. Aliuona ukibadilika, akauona ukijirudi na kucheka, akajiambia kwamba mambo yamekwisha. Hakuwahi kuuliza. Katika miaka kumi na tisa nafasi za kuuliza hazikukosekana, na ulimi alikuwa nao, mzima, mrefu kuliko wa mtu yeyote pale ukumbini.

Rodion alimfuta povu lililobaki chini ya sikio. Wembe alikuwa ameshauweka mezani.

"Sikuiuza," alisema. "Iko kwangu, kwenye kopo la chai. Kila siku naifungua naitazama, na haina raha yoyote. Niambie tu, tumelingana? Tulikuwa hatujalingana, sasa tumelingana. Yaishe, Kazik. Ukiniambia yamekwisha, Jumamosi ijayo naileta, naiweka pale ilipokuwa, wala hatutaizungumza tena."

Kazimir alitaka kusema yamekwisha. Alitaka kusema zaidi ya hapo: kwamba yeye ndiye aliyeanza, kwamba iwe ya Rodion, kwamba asiache kuja. Alikusanya kila alichokuwa nacho kifuani, akakisukuma kooni, akafungua mdomo wake uliopinda.

"Bado," alisema.

Akatikisa kichwa kwa hofu, akajaribu tena. "Bado. Bado. Bado."

Rodion alijua, kama walivyojua wote, kwamba neno lile halina maana. Miezi mitatu alikuwa akilisikia na kulipuuza. Lakini uso wa mgonjwa ulikuwa umejikunja kwa jitihada ya kusema, na uso ukijikunja hivyo unafanana sana na uso wa hasira. Rodion aliutazama kwa muda. Kazimir alimnyooshea mkono wa kushoto, ukamgonga kifuani kwa nguvu ambazo hakuzikusudia. Rodion aliusukuma ule mkono taratibu, akaulaza juu ya paja la mwenyewe.

"Haya," alisema. "Nimeelewa."

Alisuuza beseni, akakunja taulo, akakaa jikoni mpaka Taisia aliporudi. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Taisia alimpigia simu. Rodion alisema magoti yanamsumbua, ngazi ni nyingi. Wiki ya pili alisema ana mafua, anaogopa kumwambukiza mgonjwa. Wiki ya tatu simu iliita tu. Taisia alimwambia baba yake kwamba watu ndivyo walivyo, mwanzo wanakuja, kisha wanachoka. Mjomba Rodion ameshazeeka, tusimlaumu. Alijaribu kumnyoa mwenyewe, akamkata mara mbili kidevuni, akalia, akanunua mashine ya umeme ambayo iling'oa ndevu badala ya kuzikata. Kila Jumamosi saa nne Kazimir alisikiliza ngazi. Aliwajua majirani wote kwa hatua zao. Beji hakuifikiria tena kiasi kile. Angempa Rodion na trei nzima, na kabati lenyewe.

Mwezi wa Aprili Taisia alikuja na wazo. Makumbusho madogo ya mtaa, yale ya karibu na shule ya muziki, yalikuwa yanaandaa chumba kwa ajili ya kumbukumbu ya ushindi wa Vita Kuu, mwezi wa Mei, na walikuwa tayari kuzipokea beji zote na kuziweka pamoja chini ya jina la Kazimir Shpakovich. Alimweleza baba yake kwa kirefu, amepiga magoti mbele ya kiti. Alisema hapa ndani zinalala tu, na yeye Taisia hazijui, na siku moja atakosea azitawanye. Kazimir alimtazama. Alikuwa amechoka yule mtoto. Mikono ilikuwa imepasuka kwa unga na dawa za kufulia. Alifumba macho, akayafumbua. Taisia alielewa kwamba amekubali, na safari hii alielewa sawasawa.

Alikuja msichana wa makumbusho, Aryna, mwenye glavu nyeupe na kompyuta. Alikaa siku mbili akiandika kila kitu kutoka kwenye daftari la kahawia. Alipofika kwenye beji ya mrukaji, alivuta pumzi, akasema hii ataiweka peke yake, kwenye kioo cha katikati, kwenye taa. Kazimir alitoa sauti. Aryna alitabasamu akamwambia asihofu, wataitunza.

Siku ya ufunguzi majirani wanne walimteremsha kwa kiti ngazi za ghorofa zote nne. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje tangu Novemba. Mvua ilikuwa imenyesha, na miti ya mapambo mbele ya makumbusho ilikuwa haijatoa hata jani. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya rangi mpya. Wanachama wote walikuwepo, wamevaa tai. Walimshika mkono mmoja mmoja, wakamwambia kwa sauti kubwa kwamba ameacha jina.

Taisia alimsukuma mpaka kwenye kioo cha katikati. Taa ilikuwa kali, na buluu ile ya uongo iling'aa kuliko kitu chochote mle chumbani. Chini yake kadi ilieleza jina la Kazimir, na nambari.

Rodion alikuwa amesimama karibu na kitundikio cha makoti. Alikuwa amekonda. Mzee mmoja wa chama, Vatslav, mtu wa masikhara, alimwona akamwita mbele ya wote.

"Rodion, njoo hapa. Baada ya Kazimir, jicho limebaki lako. Tuambie, hii ndiyo yenyewe ya Osipovka? Mbona inang'aa hivi?"

Watu walicheka kidogo. Rodion alikuja, akasimama upande wa pili wa kioo. Hakuitazama beji, alimtazama Kazimir. Kazimir alimkazia macho, akaweka ndani yake kila kitu alichoshindwa kukisema mwezi wa Machi, na hakujua ni kipi kati ya hivyo kilichofika, au kama kilifika chochote.

"Aliyeitambua ni Kazik," alisema Rodion hatimaye. "Mimi ni nani nimpinge?"

Vatslav alipiga makofi, na wengine wakafuata. Mkurugenzi wa makumbusho akaanza hotuba. Kazimir aligeuza kichwa kadiri shingo ilivyomruhusu, lakini kiti kilikuwa kimeelekezwa mbele na Taisia alikuwa ameshafunga breki. Alisikia mlango wa nje ukifunguka, baridi ikamgusa kisogoni, mlango ukafungwa.

Hotuba zilikuwa tatu. Watoto wa shule ya muziki walipiga akodioni. Aryna alileta kipande cha keki kwenye sahani ya karatasi, akamlisha kwa kijiko, makombo yakamdondokea kwenye tai. Kisha Taisia alimvisha kofia, akamfunga koti vifungo vyote hadi shingoni, akafungua breki, na wakatoka kuelekea kituo cha basi, akiharakisha kwa sababu majirani wa kuwapandisha ngazi walikuwa wamesema watakuwepo mpaka saa kumi na moja tu.